Jenerali Maksai na Wenzake

Shangazi yangu alifanya udobi katika hoteli moja ya Diani kwa miaka mingi, na udobi una marupurupu yake. Mgeni akirudi kwao huacha vitu chumbani: chupa ya mafuta ya jua iliyobaki robo, kandambili, riwaya nene iliyolowa maji ya bahari ikafura kama mkate. Kitu kikikaa bila kuulizwa, kilikuwa cha aliyekiokota. Mara mojamoja kilikuwa kitabu cha katuni, na hicho kilikuja moja kwa moja Ukunda kwetu.

Vingi vilikuwa vya Kijerumani au Kiitaliano, kwa hiyo tulisoma picha tu. Hadithi tulijitungia. Yule mwenye misuli na kitambaa mgongoni ndiye staringi, na staringi hafi. Yule mwenye meno ni adui. Wengine wote walikuwa watu wa kupigwa. Maneno pekee tuliyoweza kuyasoma yalikuwa majina, maana jina halitafsiriwi.

Nilipokuwa darasa la sita kikaja kimoja cha Kiingereza, kimeng'oka jalada. Ndani yake kulikuwa na mwanamke Mwafrika mwenye kidani cha ajabu shingoni, na jitu moja la gwanda la kijeshi, limejaa nishani. Chini ya picha yake: General Maksai. Nilimsomea babu. Babu alikuwa amefuga ng'ombe upande wa bara ya Kwale maisha yake yote, na alicheka mpaka akashika ukuta.

"Maksai? Na ni jenerali?" akasema. "Mjukuu wangu, huyo vita atavipiganaje, na wamemhasi kitambo?"

Kwa nyinyi wa mjini ambao hamjaona plau ikivutwa: maksai ni ng'ombe dume aliyehasiwa. Anahasiwa ili atulie, anenepe, avute jembe bila ugomvi. Ndiye mnyama mpole kuliko wote zizini. Mtu fulani huko New York aliketi mezani, akatafuta jina la kutisha la dikteta wa Kiafrika, akatoka na hilo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwakusanya. Siwakusanyi kina Superman na Batman, hao wana watu wao. Nawakusanya wale wa pembeni: shujaa aliyetokea toleo moja, mbaya aliyepigwa ukurasa wa 9 akasahauliwa, mama wa mtu, mzee wa kijiji. Kwenye ulimwengu wa Marvel na ule wa DC, ambako maelfu ya wahusika huishi pamoja na kuingiliana hadithi, wengi wanaotoka pande zetu wamewekwa hapo pembeni.

Mwanamke mwenye kidani nilikuja kumjua baadaye. Ni Vixen, na jina lake la kuzaliwa ni Mari Jiwe McCabe. Ndiyo, Jiwe. Baba yake ni mchungaji Richard Jiwe, na Maksai ndiye ami yake, aliyemuua nduguye ili apate kile kidani, hirizi inayompa mvaaji nguvu za mnyama yeyote. Kwa hiyo ndani ya familia moja kuna jiwe na kuna ng'ombe aliyehasiwa, na nchi yao inaitwa Zambesi, ambayo ni jina la mto. DC walipanga kumpa Vixen kitabu chake mwenyewe mwaka 1978. Angekuwa mwanamke mweusi wa kwanza wa kampuni hiyo kuwa na mfululizo wake. Mwaka huohuo kampuni ikafyeka vitabu vyake vingi kwa mpigo, na cha Vixen kikafyekwa kabla hakijafika dukani. Akangoja hadi Julai 1981 ndipo akatokea, ndani ya Action Comics namba 521, kama mgeni wa Superman. Miaka mitatu unangoja, halafu unaingia kwa mlango wa jikoni kwenye kitabu cha mtu mwingine.

Lakini mwenye kesi kubwa zaidi na Kenya ni Storm. Huyu si mdogo, najua, mnamjua wote. Wadogo ni waliomzunguka. Alitokea mara ya kwanza katika Giant-Size X-Men namba 1, ya Mei 1975, kazi ya Len Wein na Dave Cockrum. Profesa Xavier anakuja kumtafuta Kenya na kumkuta akiabudiwa kama mungu wa mvua. Watu wamepiga magoti, wamevaa kidogo sana, wanamwomba awanyeshee. Hakuna hata mmoja mwenye jina.

Nimeangalia ukurasa huo mara nyingi, na kinachonisumbua ni ule mwaka. 1975! Jengo la KICC lilikuwa na miaka miwili tangu lifunguliwe. Machi ya mwaka huo J. M. Kariuki aliuawa na nchi ikatikisika. Nairobi kulikuwa na jarida la Joe, lililoanzishwa mwaka 1973 na Hilary Ng'weno na Terry Hirst, na shujaa wake alikuwa mtu wa kawaida wa mjini anayecheka ili asilie. Edward Gitau alikuwa akichora Juha Kalulu kwenye Taifa Leo tangu zama za mkoloni. Yaani Wakenya walikuwa wakijichora wenyewe, na suruali wamevaa.

Na mvua je? Kaya Kinondo iko hapa chini tu, boda inakufikisha kabla hujamaliza kuongea na simu. Mgeni akiingia msituni hufungwa kaniki nyeusi, anavua kofia, anaambiwa asiguse kitu. Ni mojawapo ya makaya ya Wamijikenda yaliyoingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Mvua ikikawia, wazee ndio huingia kaya kuomba, kwa sadaka na kwa utaratibu wenye zamu, vyeo na mabishano mengi. Ni kazi ya kamati, jamani. Haijawahi kuwa kazi ya msichana mmoja anayeruka hewani. Lakini kamati ya wazee kumi wakibishana kuhusu mbuzi haichoreki vizuri, nakubali.

Mama yake Storm anaitwa N'Dare, binti wa mfalme kutoka Kenya. Anaolewa na mpiga picha Mmarekani, wanahamia Cairo, na ndege inaangukia nyumba yao wakati wa vita vya Suez. Mama anafia chini ya kifusi. Hilo lilisimuliwa mwaka 1976, na N'Dare alipewa nafasi ya kutosha tu kufa. Storm akiwa bado mtoto anatembea kutoka Misri hadi Serengeti, ambayo vitabu vinaihesabu kuwa nchi ya mama yake mara kwa mara, Tanzania iwepo isiwepo. Huko analelewa na mama mmoja aitwaye Ainet. Kumbukeni jina la Ainet. Ndiye aliyemfundisha Storm kwamba ukivuta mvua hapa unaikausha pale, na bila somo hilo hakuna Storm. Nani amewahi kuvaa fulana ya Ainet?

Tuje kwenye vitone. T'Challa, aliyetokea Fantastic Four namba 52 ya mwaka 1966 kwa mikono ya Stan Lee na Jack Kirby, ndiye aliyefungua mlango. Baada yake wakaja T'Chaka, M'Baku, W'Kabi, N'Jadaka na N'Dare. Ukiwa mhusika wa Kiafrika kwenye vitabu hivyo, unazaliwa na herufi moja, kitone, halafu jina. Kiswahili nacho kina kitone hicho, ritifaa, na kina kazi moja ya kueleweka: kutenganisha ng'ombe na ngombe, ng'ambo na ngambo. Unakiweka kwa sababu ulimi unakihitaji. Pale New York kilikuwa kama manyoya kwenye kofia, cha kuonyesha kwamba mtu ametoka mbali.

M'Baku ndiye niliyemchukia nikiwa mdogo na ndiye ninayempenda leo. Alitokea kwenye The Avengers namba 62, Machi 1969, kazi ya Roy Thomas na John Buscema. Mwanamume anaua sokwe mweupe, anaoga damu yake, anakula nyama yake, anapata nguvu, anavaa ngozi yake na kujiita Man-Ape, mtu nyani. Mtu mweusi, mwaka 1969, kwenye kitabu cha kuuzia watoto wa Marekani. Kwa karibu miaka hamsini kazi yake ilikuwa kupigwa na T'Challa, kutoroka, kuungana na wabaya wenzake na kupigwa tena.

Halafu Februari 2018 filamu ya Black Panther ikatoka. Uzinduzi wake barani Afrika ulifanyika Kisumu, nyumbani kwa kina Lupita Nyong'o. Sisi wa Ukunda tuliiona kwa njia zetu, wengine kwenye kibanda, sauti ya spika ikikatika. Winston Duke alipoingia kama M'Baku, kibanda kizima kilimtambua kama mtu wa mtaani: yule jamaa wa mlimani asiyependa kubabaishwa, anayekutisha kuwa atakulisha wanawe kisha anacheka kwa kuwa hawali nyama. Lile jina la nyani halikutamkwa kabisa. Na mwisho wa filamu ya pili, 2022, ni yeye anayesimama mbele ya watu kudai kiti cha ufalme. Naye Nakia wa Lupita, ukimfuata kwenye karatasi, ni msichana wa mwaka 1998 aliyependa mfalme asimpate, akafukuzwa, akageuka mbaya kwa jina la Malice. Filamu ilimfanya jasusi mwenye akili zake. Kwa hiyo kumbe inawezekana kumwosha mhusika. Ilichohitaji ni mtu mmoja mezani aulize kwani lazima iwe hivi.

Zuri naye yumo. Yule mzee wa Wakanda aliyeigizwa na Forest Whitaker. Sisi tuliketi pale tukiulizana: zuri nini? Jina zuri? Embe zuri? Ni kivumishi kinachotembea bila nomino yake. Lakini angalau hakikuwekwa kitone.

Sasa kuna jina moja ambalo lilinipeleka mbali zaidi ya katuni. Wakanda ina majirani, na mmoja wao ni Azania. Hii Azania ya Marvel ilipewa nafasi yake mwaka 1988, katika mfululizo mfupi wa Black Panther ulioandikwa na Peter B. Gillis na kuchorwa na Denys Cowan. Ni nchi inayotawaliwa na wazungu wachache wanaowakandamiza weusi walio wengi. Ni Afrika Kusini iliyobadilishwa jina ili mawakili walale. Serikali hiyo ina kikosi chake cha wenye nguvu zisizo za kawaida, wanaitwa Supremacists, na miongoni mwao kuna Voortrekker na White Avenger. Wabaya wadogo kabisa. Wanavamia Wakanda, wanatandikwa, basi.

Ila jina Azania ni letu. Siongei kwa majivuno, naongea kwa ramani. Karne ya kwanza baada ya Kristo, baharia au mfanyabiashara fulani aliandika kwa Kigiriki mwongozo wa safari za Bahari ya Hindi, na pwani hii ya Afrika Mashariki akaiita Azania. Anataja mashua za kushonwa kwa kamba, magamba ya kobe, pembe za ndovu, na soko la mwisho kusini, Rhapta. Mtu anayeteremka kutoka Pembe ya Afrika kwenda huko Rhapta lazima apite hapa mbele, nje ya miamba ya Diani. Jina likalala vitabuni. Mwaka 1932 Mwingereza Evelyn Waugh akaliokota akakipa kisiwa cha kubuni kwenye riwaya ya kumcheka mfalme Mwafrika. Kisha wapigania uhuru wa Afrika Kusini wakalichukua kwa heshima, wakataka liwe jina la nchi yao itakapokombolewa. AZAPO iliyoundwa mwaka 1978 bado inalibeba. Miaka 10 baadaye Marvel wakalipachika kwa utawala uleule ambao wapiganaji hao walikuwa wakiupinga. Yaani jina la ukombozi akapewa mkandamizaji. Hilo lilinikera kuliko ng'ombe wa babu, maana Maksai ni kuchapia tu.

Mkidhani basi nilipaswa kurudi kwa wabaya wetu wenyewe, nilijaribu. Mjomba alikuwa na matoleo mawili ya African Film, lile jarida la hadithi za picha lililotolewa na kampuni ya Drum mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuzunguka Afrika nzima inayosoma Kiingereza. Shujaa wake, Lance Spearman, kofia ya Kipanama na sigara mdomoni, alikuwa mweusi, na msaidizi wake Sonia pia, na polisi, na majambazi pia. Hapo mbaya alikuwa mbaya kwa sababu anaiba, si kwa sababu anatoka wapi. Sina mengi ya kulalamika. Lakini hata humo hakukuwa na mtu wa pwani. Shujaaz walipokuja Februari 2010, bure ndani ya gazeti, kwa Sheng, Boyie na redio yake ya siri chumbani alinipa raha ambayo Storm hakuwahi kunipa. Bado ni kijana wa Nairobi. Sisi wa Diani tulibaki kuwa mahali watu wanapokuja likizo.

Kuna toleo moja ambalo siwezi kulicheka. Ni Uncanny X-Men namba 198, Oktoba 1985, Chris Claremont kaandika, Barry Windsor-Smith kachora. Storm amepoteza nguvu zake. Anarudi Afrika kwa miguu, hawezi kuleta hata tone. Anakutana na mwanamke mjamzito anayerudi kijijini kwao, na mwanamke huyo anaitwa Shani. Shani! Hili sasa ni jina la kweli, lenye maana ya jambo la ajabu, na binamu yangu analo. Kuna ukame. Shani anajifungua, Storm akimsaidia kwa mikono mitupu. Na mzee wa kijiji, Mjnari, anaamua kufa, kwa kuwa ardhi ile inatosha watu kadhaa tu na mmoja ameongezeka.

Jaribu kulitamka: Mjnari. Mswahili hawezi, ulimi unagonga ukuta kwenye j. Lakini hadithi yenyewe ilinishika. Mwaka 1984 mvua iligoma Kenya nzima, na wazazi wetu bado wanasimulia yale mahindi ya manjano ya msaada kutoka ng'ambo, ugali wake ulivyokuwa. Mwishoni mwa 1985 Marvel walitoa kitabu cha kuchangia waathiriwa wa njaa ya Afrika, DC wakafuata mwaka 1986, na humo njaa ilichorwa kama jini la kupigwa ngumi. Claremont na mwenzake walifanya tofauti kidogo: waliwapa watu wawili wa pembeni majina na uamuzi wa kufanya. Ni kweli mzee anakufa ili Storm ajifunze kitu. Ndivyo inavyokuwa kwa wa pembeni. Lakini alichagua mwenyewe, na kwenye picha ana uso.

Mpwa wangu ana miaka 10, na anachora. Mwezi uliopita alinionyesha daftari lake. Kajaza Spider-Man na mtu mmoja wa Wakanda, na nyuma yao umati wa vichwa visivyo na macho. Nikamuuliza hao ni kina nani.

"Ni watu tu, mjomba."

"Wa wapi?"

"Wa hapa." Akafikiri. "Wanafaa kufa hapo ng'ambo ya ukurasa."

Sikutaka kumhutubia. Nikamsimulia Fumo Liyongo, kwa kuwa ndiye mwenye nguvu wa pwani yetu nzima, na Muhammad Kijumwa wa Lamu alimwandikia utenzi mwaka 1913, miaka 25 kabla ya Superman kutoka. Hakuna silaha inayomdhuru ila sindano ya shaba kitovuni. Mpwa akasema hiyo ni kama Superman na lile jiwe la kijani, nikamwambia ndiyo, na mfalme wa Pate ndiye adui. Akauliza nani alimdunga.

"Mwanawe mwenyewe. Aliahidiwa kuozwa binti wa mfalme."

"Anaitwa nani?"

Hapo nilikwama. Katika masimulizi niliyokulia, mbaya mkubwa kuliko wote kwenye hadithi yetu anaitwa mwana wa Liyongo. Nimeandika kurasa hizi zote kuwasuta watu wa New York, na sisi tulimwacha muuaji wa shujaa wetu bila jina. Nilisema tu baada ya kazi yake hakupewa harusi wala heshima, akaugua akafa.

"Mwingine yeyote ana jina?"

Yupo. Saada. Ni kijakazi. Liyongo alipofungwa gerezani, Saada ndiye aliyekuwa akimpelekea chakula, na kila akileta kizuri walinzi wanakila. Liyongo akamtuma kwa mama yake: apike mkate wa wishwa, na ndani atie tupa. Walinzi walipouona mkate wa makapi wakamtukana Saada, wakampisha apite nao. Kwa tupa hiyo Liyongo alikata minyororo, ngoma ikilia nje ili mlio wa chuma usisikike. Saada hana nguvu zozote. Alipita mbele ya walinzi wenye silaha na mkate mkononi, akijua kilichomo.

Mpwa alinyamaza muda, kisha akafungua ukurasa mpya. Alianza na mkate. Umetokea mkubwa mno, kama tairi. Akaniuliza wishwa ni rangi gani, na kama walinzi wawe na macho.

Nikamwambia wawe nayo.